Namba Hewa ya Somo

Flavia hakuja na habari mbaya. Alikuja na kilo mbili za sukari na shukrani mdomoni, akavua viatu kizingitini, akainua pazia la chumba na kumkuta Bi Shifaa amekaa mkekani na nguo zake nyeupe, mikono haina hina wala bangili. Ilikuwa siku ya mia na ishirini na moja tangu Sulemani azikwe. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, kwa hiyo zilibaki siku tisa.

"Shikamoo, Bi Shifaa."

"Marahaba, mwanangu. Huko kwenu Puge hawajambo?"

"Hawajambo. Mama sasa anakwenda shambani mwenyewe." Flavia alikaa, akasogea karibu, akashusha sauti. "Nimekuja kukushukuru. Yale uliyoniandikia Jumanne kuhusu mchumba wangu nimeyafuata. Nimemwambia kama ananitaka aje na wazazi wake. Ameingia mitini. Bora nimejua mapema."

Bi Shifaa alimtazama. Jumanne hakuandika kitu. Wala Jumatatu, wala miezi minne yote iliyopita. Simu yake ilikuwa imezimwa, imefungwa ndani ya kanga, imelala kwenye sanduku la wifi yake Bi Masika, na ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwa Bi Masika.

"Nilikuandikia nini?" aliuliza.

Flavia alicheka kidogo, akidhani anataniwa. Akafungua simu yake na kumsogezea. Maneno yalikuwepo, ya taratibu, ya hekima, yenye "mwanangu" kila baada ya sentensi mbili, vile vile Bi Shifaa mwenyewe anavyoandika. Mtu huyo alikuwa amejifunza kuwa yeye, na alikuwa amejifunza vizuri. Ilikuwa saa nne ya asubuhi na bati lilikuwa limeshaanza kulia kwa jua.

Hapo inabidi kurudi nyuma kidogo.

Tabora ni mji mkubwa kwenye ramani, lakini kwa umbea ni ua mmoja. Ukipiga chafya Ng'ambo, Gongoni wanakuombea afya. Na simu nazo hazina siri: kila laini imesajiliwa kwa alama za vidole, na anayetaka kujua namba fulani ni ya nani hana haja ya kuuliza mtu. Anajifanya anaitumia pesa, jina kamili linatokea kwenye kioo, anaghairi, anakwenda zake na jina lako. Bi Shifaa alilijua hilo, na ndiyo maana miaka mitatu nyuma, alipoamua kuwa somo wa wanawake asiowajua, alitaka namba isiyo na jina.

Somo si mwalimu wa darasani. Ni mwanamke mtu mzima anayemfunda mwari kabla ya ndoa, na baada ya ndoa anabaki kuwa mtu pekee anayeambiwa yale yasiyosemeka. Bi Shifaa alifundwa hivyo, naye alifunda wengi. Lakini aliona mabinti wa siku hizi wanaolewa kwa ukumbi, keki na mpiga picha, hawana somo, halafu wanapigwa kimya kimya ndani na asubuhi wanapaka poda. Na nani atamweleza mtu mambo ya mumewe, ikiwa mtu huyo Ijumaa atakula pilau sinia moja na mama mkwe wake? Bi Shifaa alitaka waseme bila kumjua, naye asikie bila kuonekana.

Flavia, mwenye steshenari mtaa wa pili, ndiye aliyemwonyesha njia. Aliiita namba hewa, kama wale wafanyakazi hewa wanaolipwa mshahara na hakuna aliyewahi kuwaona. Haina kadi, haikai ndani ya simu yoyote. Inakaa kwenye tovuti ya watu wa mbali, nawe unaikodi kwa miezi mitatu mitatu. Unapofungua akaunti ya ujumbe, tarakimu za kuthibitisha haziji kwenye simu yako. Zinatua kwenye ukurasa wa tovuti ile, unazisoma, unaziingiza, mlango unafunguka. Flavia alilipia kwa kadi yake ya mtandaoni, na Somo akazaliwa: picha ya kawa la kufunikia chakula, jina hakuna, namba inayoanza kwa tarakimu za nchi ambayo Bi Shifaa hakujua hata iko upande gani wa dunia. Ndani ya mwaka mmoja wanawake zaidi ya mia walikuwa wakimwandikia, kutoka Sikonge mpaka Nzega, Waislamu kwa Wakristo.

Jambo moja tu Flavia alilieleza haraka haraka, na Bi Shifaa akalisikia nusu. Namba ya kukodi ni chumba cha kupanga. Usipolipa anapangishwa mwingine, na huyo mwingine ndiye anayeletewa tarakimu. Mazungumzo yote yamehifadhiwa huko mtandaoni, si ndani ya simu, kwa hiyo mwenye tarakimu anayakuta yote yalivyoachwa.

Kisha Sulemani akaanguka akiwa anatawadha, na kabla ya adhuhuri alikuwa marehemu. Dada yake mkubwa, Bi Masika, akashika nyumba. Ilikuwa nyumba ya mababu waliokuja na misafara kutoka pwani wakaishia hapa, nusu ya njia ya kwenda Ujiji, na desturi zake hazikuwa za juzi. Wajane wengine mjini wanakaa eda na simu mkononi, wala hakuna shehe aliyewakataza. Lakini Bi Masika alishika neno la mama yake, kwamba sauti ya mwanamume ikiingia sikioni ni sawa na mwanamume kuingia mlangoni. Bi Shifaa hakubishana. Alimpenda Sulemani, na alitaka kumkalia eda isiyo na doa. Aliizima simu mwenyewe, akaikabidhi kwa mikono miwili, na siku hiyo hakumfikiria Somo hata kidogo.

Flavia, Mkatoliki wa Puge, angejuaje? Alikuja siku ya tatu kuhani, akaona watu wamejaa, akaona haya kuanza habari za namba kwenye nyumba ya msiba. Alidhani simu iko chini ya mto, kama simu ya mtu yeyote. Muda wa kulipia ulipofika alikuwa Puge anamuuguza mama yake, na mtandao wa huko unautafuta kwa kupanda juu ya kichuguu. Aliporudi mjini, namba haikuwepo tena kwenye orodha yake.

"Nilishtuka," alisema sasa, baada ya kuambiwa simu iko sandukuni. "Nikamwandikia Somo. Yaani nikakuandikia wewe. Nikasema, Bi Shifaa wangu, nisamehe, namba imetutoka. Ukanijibu saa hiyo hiyo."

Jibu lilikuwepo, la wiki tano zilizopita. "Usijali mwanangu, nimeihamishia kwangu. Nalipia mwenyewe sasa."

"Umemtajia jina langu," alisema Bi Shifaa. Hakulaumu. Alikuwa anapima tu ukubwa wa shimo.

Aliendelea kupandisha maandishi kwa kidole. Somo huyu mpya alikuwa mpole, hana haraka. Alimpa Flavia pole za mama yake, akamuulizia duka. Halafu, katikati ya mambo ya kawaida, wiki tatu nyuma: "Mwanangu, yule binti niliyempeleka Urambo, niliwahi kukutajia kijiji? Msiba umenipokonya akili." Flavia alijibu kwamba hajui. Wiki moja baadaye aliulizwa tena, kwa maneno mengine.

Bi Shifaa aliiweka simu mkekani. Sasa alijua kinachotafutwa, na kama alijua kinachotafutwa, hakuwa na haja ya kupiga ramli kumjua anayetafuta.

Binti wa Urambo alikuwa Siwema, mke wa Muntasir. Na Muntasir alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake Sulemani, aliyelelewa ndani ya nyumba hii hii, akabebwa mgongoni na Bi Masika alipofiwa na wazazi wake. Sasa ana duka la simu na vifaa vyake sokoni. Mtu mtaratibu, hapandishi sauti, msikitini safu ya mbele. Alimpiga Siwema miaka miwili, mahali ambapo nguo inafunika. Siwema alipokwenda kuripoti polisi, wazee wa ukoo walimfuata wakamrudisha, wakasema haya ni mambo ya nyumbani, na Sulemani alikuwa mmoja wao. Wiki ile Muntasir alimwambia mkewe, bila hasira, kwamba akiondoka tena hatamrudisha. Atamzika.

Hayo Siwema aliyaandika kwa Somo, hajui kwamba anamwandikia mama yake mdogo. Bi Shifaa alimtambua kwenye mstari wa tatu. Hakujitaja. Alimtafutia pa kujificha kwa mwanamke mwingine aliyekuwa akimwandikia, Recheli, Mmoravian, mjane mkulima wa tumbaku ndani ndani huko Urambo. Kijiji chenyewe hakikuandikwa popote. Recheli alikitaja kwa kupiga simu, mara moja tu. Siwema akatoroka na binti yake Nihal, wa miaka miwili, akaiacha nyuma simu yake ya zamani yenye namba ya Somo, na muuza simu anajua kungoja namba ya kukodi ikose mlipaji. Ukoo mzima ulitafuta. Bi Shifaa alikaa nao, akawachemshia chai, akawasikiliza wakimlaani mtoro, na hakufungua mdomo. Sulemani alikufa bila kujua, na hilo lilimuuma Bi Shifaa kila alipokaa kumwombea.

"Hodi," ilisema sauti ya mwanamume mlango wa nje. "Asalaam alaykum."

Ilikuwa Ijumaa. Zamani Muntasir alikuja mara moja kwa mwezi, tena kwa kuitwa. Lakini sasa ilikuwa Ijumaa ya tano mfululizo anakuja na kapu, na Bi Masika alikuwa akimsifu kwa majirani kwamba mtoto ni yule anayekumbuka nyumba aliyokulia. Bi Shifaa naye alikuwa amemwombea dua.

Hakuwa mtu wa kuonana na mwenye eda, kwa hiyo alibaki ukumbini, ng'ambo ya pazia, na shangazi yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba."

"Nimeleta migebuka ya Kigoma, na unga kidogo."

"Ahsante. Mungu akulipe." Alishangaa kwamba sauti yake ilitoka nzima. Akamshika Flavia kiganja, akamnong'oneza sikioni: "Mwandikie Somo. Chochote."

Flavia aliandika. "Bi Shifaa, upo?" Akatuma.

Ng'ambo ya pazia kitu kiliunguruma kifupi ndani ya mfuko wa kanzu.

Bi Masika alikuwa anaeleza bei ya mchele. Muntasir alimwacha amalize, akaitikia panapostahili. Kwenye kioo cha Flavia yalitokea maneno kwamba Somo anaandika. Wote wawili waliyatazama.

"Nipo mwanangu. Mwambie mama mdogo apumzike."

Flavia alijiziba mdomo. Bi Shifaa alibaki amekaa vile vile, macho kwenye pazia, akiona kivuli cha miguu chini yake.

"Mama mdogo," sauti ilisema, ile ile ya upole. "Zimebaki siku tisa, eti? Ukae kwa amani. Nyumba naiangalia mimi."

Akaaga, akambusu shangazi yake mkono, akaondoka kuwahi sala ya Ijumaa. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Hiki kilikuwa na kapu la samaki.

"Twende polisi," alisema Flavia.

"Tukaripoti nini? Kwamba mtu amekodi namba iliyokuwa haina mpangaji?" Bi Shifaa alikuwa ameshasimama. "Wataanza kuandika, wataita wazee, wazee watakuja na maneno yao. Mpaka hapo yeye yuko Urambo."

"Basi tuwapigie."

"Namba zao zilikuwa ndani ya akaunti. Sina hata moja kichwani." Na hata kama angekuwa nazo. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wanawake wake: atakayekupigia kwa namba nyingine akasema ni Somo, kata. Alijivunia fundisho hilo. "Nyumba ya Recheli naijua kwa maelezo. Ninakwenda."

"Na eda?"

Bi Shifaa alivaa baibui jeusi juu ya nguo nyeupe, akafunika uso.

Bi Masika alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango mkubwa, anachambua mchele. Alikuwa na miaka sabini na mbili, jicho moja lina mtoto wa jicho, na hakuwahi kumfanyia Bi Shifaa ubaya kwa makusudi.

"Unakwenda wapi?"

"Nina dharura, dada."

"Dharura ya mwenye eda ni ugonjwa au moto. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Pana moto?"

Alikaribia kusema. Maneno yalifika kwenye meno. Lakini aliuona mkono ule, wenye mishipa, uliombeba Muntasir miaka mingi, mkono uliobusiwa sasa hivi, akaona haiwezekani mwanamke huyu aamini, na asipoamini atampigia mtoto wake simu kumuuliza. Miaka mitatu kazi yake ilikuwa kuficha. Siku alipotakiwa kuiacha, hakujua inaachwaje.

"Nitarudi kabla ya magharibi," alisema. "Nisamehe, dada."

Bi Masika aliacha mchele. Machozi yalimlengalenga, ya aibu zaidi kuliko hasira. "Siku tisa tu, Shifaa. Nenda. Nitafunga mlango, nitasema umelala. Sitaki watu waseme mke wa ndugu yangu alishindwa siku tisa."

Walitoka wakati wanaume wako msikitini na mitaa ya Ng'ambo imetulia. Barabara ya kwenda Urambo inafuata ile ile njia ya zamani ya misafara, siku hizi ina lami, na mwendo uliochukua siku nyingi kwa miguu unakwisha kwa saa moja na nusu. Kwa Bi Shifaa saa hiyo na nusu ilikuwa ndefu. Alikaa dirishani mwa basi, anasoma dua, anachanganya, anaanza upya. Alikuwa anaogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi. Flavia alijaribu kila njia kwenye simu yake: alifungua tovuti ile, akaitafuta namba, ikasema imeshachukuliwa, chagua nyingine. Alimwandikia Somo, "Tafadhali muache." Safari hii hakujibiwa.

Kutoka Urambo mjini walichukua bodaboda mbili, wakaacha lami, wakapita mashamba yaliyobakiwa na vikonyo vya tumbaku, wakauliza kanisa la Moravian, wakaelekezwa. Nyuma ya kanisa kulikuwa na bani la kukaushia tumbaku, moshi unatoka taratibu, na mwanamke mrefu amekaa kivulini anafunga majani kwenye fito. Watoto wawili waliokuwa wakimsaidia walikimbia kuwasalimia wageni. Wote wawili walikuwa wavulana. Bi Shifaa alitafuta kwa macho mtoto wa kike, hakumwona.

"Karibuni," alisema mwanamke yule. "Mnamtafuta nani?"

"Wewe ni Recheli?"

"Ndimi."

"Tunamtafuta Siwema."

Uso wa Recheli ulikunjika. "Hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Recheli, mimi ni Somo."

Recheli aliweka fito chini na kusimama. Hakuwa mwoga. "Somo hatembei nyumba za watu," alisema. "Na leo ametutahadharisha kwamba atakuja mtu kujifanya yeye. Nendeni mkamwambie aliyewatuma kwamba amechelewa. Mnayemtafuta ameshafika mahali salama, kwa mama yake mdogo."

"Mama yake mdogo yupi?" aliuliza Flavia, ingawa alikuwa ameshajua.

"Bi Shifaa wa Ng'ambo. Ndiye Somo mwenyewe. Amejitaja leo, baada ya kuficha miaka yote. Siwema amelia kwa furaha, ananiambia, kumbe ni mama mdogo, kumbe ni mtu wangu."

Bi Shifaa alifunua uso. Akafungua vifungo vya baibui, na nguo nyeupe zikaonekana mpaka chini. Recheli alikuwa amekaa na majirani Waislamu maisha yake yote, alizijua nguo zile ni za nani na zinavaliwa wapi. Alizitazama, akamtazama Bi Shifaa usoni, na rangi ikamtoka.

"Mimi ndiye Shifaa," alisema Bi Shifaa. "Nionyeshe alichowaandikia."

Recheli aliingia ndani akatoka na simu yake, mikono ina gundi nyeusi ya tumbaku. Ujumbe ulikuwa wa saa tano na nusu asubuhi, dakika chache baada ya Muntasir kuaga ukumbini. Siwema alikuwa ameandikiwa wa namna hiyo hiyo.

"Wanangu, nimechoka kujificha. Mimi ni Shifaa, mjane wa Sulemani, wa Ng'ambo. Siwema mwanangu, njoo kwangu leo hii na mtoto. Muntasir amesafiri Mwanza, harudi mpaka Jumatatu, na kuna mwanasheria anataka kukuona. Mimi niko eda, siwezi kutoka, vinginevyo ningekufuata mwenyewe. Utanikuta nyumbani. Na akija mtu huko akisema ni mimi, mjue si mimi, kwa maana mwenye eda hatoki."

Neno lile la mwisho lilikuwa kweli saa tano na nusu. Yeye mwenyewe ndiye aliyelifanya uongo. Bi Shifaa alisoma mara mbili, na alielewa kwamba Muntasir hakuwa tena na haja ya jina la kijiji. Jina lake lilikuwa limetosha.

"Ameondoka saa ngapi?"

"Saa sita na nusu. Nilimpeleka mimi mpaka kwenye basi." Recheli alianza kulia bila sauti. "Nilimbebea mtoto."

Basi hilo walikuwa wamepishana nalo, pale Usoke au karibu na hapo. Recheli alimpigia Siwema. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani.

Bi Shifaa alichukua simu ya Flavia akabonyeza namba pekee aliyoikumbuka kichwani, ya kitochi cha Bi Masika. Iliita muda mrefu, maana Bi Masika huitafuta simu yake kwa kupapasa.

"Dada, ni mimi. Kuna mtu amekuja?"

"Amekuja mgeni wako," alisema Bi Masika, na sauti ilikuwa na furaha ambayo haikusikika ndani ya nyumba ile tangu msiba. "Kumbe ndiyo dharura yenyewe. Si ungeniambia, nisingekusema. Siwema amerudi. Na Nihal amekuwaje mkubwa, ninaye hapa mapajani, anakula mkate."

"Siwema yuko wapi?"

"Yuko chumbani kwako na mumewe. Muntasir alikuja moja kwa moja alipotoka kuswali, akasema umemwomba akae na mimi. Alipofika mkewe akampokea vizuri, mzigo akaubeba yeye. Wanazungumza."

"Mlango uko wazi?"

"Wameufunga. Mambo yao, Shifaa, wacha wayamalize."

"Dada, nenda kagonge."

"Mke na mume wanapatana, mimi nikagonge?"

"Tangu lini hujawasikia wakizungumza?"

"Kitambo," alisema Bi Masika.

Ndipo Bi Shifaa akasema. Alisimama katikati ya kiwanja cha watu, nguo nyeupe mbele ya macho ya watu asiowajua, akasema yote bila kuyapamba: kwamba Somo ni yeye, kwamba ndiye aliyemtorosha Siwema, kwamba alikaa nao sebuleni akiwadanganya wote na Sulemani akiwa mmoja wao, kwamba Muntasir alimpiga mke yule miaka miwili na akaahidi kumzika, kwamba ameiba namba na kumwita kwa jina lake. "Nilipaswa kukwambia asubuhi, dada. Niliogopa hutaniamini. Kagonge sasa hivi. Ita majirani, ita wanaume, pasueni mlango."

Upande wa pili alisikika mtoto akiomba mkate mwingine. Halafu kigoda kikasukumwa, na kandambili za Bi Masika zikaanza kuburuzika kwenye sakafu ya saruji, taratibu, maana magoti yake hayakuwa na mwendo mwingine. Recheli na Flavia walikuwa wamesogea mpaka vichwa vikagusana na simu.

Mlango uligongwa mara ya kwanza.

"Muntasir," alisema Bi Masika.

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. "Muntasir, baba, fungua. Ni mimi shangazi yako."

Mara ya tatu alipiga kwa kiganja chote. "Siwema," aliita, na sauti ilikuwa imeshabadilika. "Siwema, mwanangu, nijibu."

Mtoto alianza kumwita mama yake. Ndani ya chumba hakuna aliyeitika.